Feni Anataka Kwenda Reli

Benchi letu ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matairi mawili, katikati ya duka la kinyozi na duka la fundi cherehani. Kitasa kiling'olewa, tundu limebaki, na anayechelewa ndiye hukalia upande huo. Mbele yake Shangazi anaweka jiko lake la mkaa na birika la kahawa, na sisi tunakaa hapo mpaka birika liinamishwe kabisa. Mimi natengeneza simu kwenye kibanda cha pembeni, kwa hiyo wananiita Chaji. Haya ninayosimulia yalitokea Ijumaa moja asubuhi, na nimekaa nayo kifuani karibu mwaka mzima. Mwenyewe sasa ameyasema hadharani kwa mdomo wake, akiwa amevaa jezi ya Reli, kwa hiyo nikiyasema sijamtolea mtu siri.

Wiki ile mji mzima ulikuwa na habari moja. Kiungo wetu, yule tuliyempachika jina la Feni kwa sababu kichwa chake hakitulii uwanjani, kinageuka kushoto na kulia kama feni ya mezani, alikuwa ameandika barua kwa uongozi akiomba aachwe aondoke. Mkataba wake ulikuwa wa miaka mitatu na alikuwa ametumikia mmoja tu. Kuomba kuondoka si ajabu. Ajabu ni alikoomba kwenda. Hakutaka timu kubwa, hakutaka ng'ambo. Alitaka kwenda timu ya reli, daraja la pili, wanaochezea uwanja usio na jukwaa wala taa. Uongozi ukamkatalia. Akaandika tena, wakamkatalia tena. Alhamisi akapeleka barua ya tatu.

Faili ndiye aliyeanza. Faili ni karani mstaafu, miaka thelathini ofisi ya masjala, na mpaka leo hamalizi sentensi bila kugonga goti lake kwa ngumi kama anayegonga muhuri.

— Mkataba ni mkataba, akasema, akagonga goti. Miaka miwili imebaki. Huwezi kupanga nyumba miaka mitatu, mwaka wa kwanza ukaamka ukasema umechoka na dirisha.

— Anaweza, akasema Shangazi huku akimimina. Mpangaji wangu alihama kwa ajili ya dirisha.

— Hapo kuna wakala, shangazi yangu. Mchezaji haandiki barua tatu kwa akili yake. Barua tatu ni kazi ya ofisi.

— Wakala gani ampeleke mtu daraja la pili? nikauliza. Wakala anakula asilimia. Reli watampa asilimia ya nini, ya tiketi za behewa?

— Basi anawazuga tu. Anapita Reli kama mlango wa uani. Mwezi mmoja, halafu utasikia yuko ng'ambo, na sisi tumeachiwa jezi.

Kinyozi akatoka dukani kwake. Mkono mmoja ameshika kitambaa cheupe kilichokunjwa, mwingine amekumbatia boksi. Huyu Kinyozi alikuwa anampenda Feni kupita kiasi. Ukutani kwake, katikati ya picha za mitindo ya nywele, ilikuwapo picha ya Feni, na wateja walikuwa wakiinyooshea kidole wakisema wanyolewe kama yule. Asubuhi ile picha haikuwapo. Palibaki pembe nne za rangi safi.

— Ni mwanamke, akasema, akakaa. Mke wake kwao ni kule kwa Reli. Mtoto kazaliwa, mama mkwe yuko kule, mke kasema chagua, mimi au kiungo cha kati.

— Wanaume mkishindwa kuelewa jambo, mnasema mwanamke, akasema Shangazi. Mimi nasema ni kocha. Kocha wenu anapiga kelele mno pale pembeni. Mimi ningekuwa Feni, ningeondoka siku ya pili.

Nikaona na mimi nisipitwe.

— Kuna mteja wangu anafanya kazi za ramani. Anasema treni mpya itapita chini ya ule uwanja wa Reli. Atakayekutwa na jezi yao siku hiyo anapewa kiwanja.

— Kiwanja chini ya ardhi? akauliza Kinyozi.

— Juu. Chini si treni?

Faili akalitafakari hilo kwa heshima, maana alikuwa amewahi kuona ramani. Kisha akainamisha kichwa na kupunguza sauti.

— Hayo yenu ni madogo. Mimi nimeambiwa kuna mtu wa kutazama nyota. Amemwambia asicheze chini ya taa za umeme, zinamla nguvu. Hebu jiulizeni. Mechi za mchana alikuwa moto. Tangu ligi ituhamishie usiku, amekuwa kama mtu anayetafuta kiatu gizani. Na anakotaka kwenda kuna nini? Hakuna hata balbu.

Hilo la usiku lilikuwa kweli. Na kila tukitaja mechi zake za mchana, hasira ilikuwa inatushuka bila sisi kupenda.

— Lakini mchana, jamani, akasema Kinyozi.

— Mchana, nikasema.

— Ile mechi ya kwanza. Beki anakuja kwa nyuma, jitu zima, limeshanuia kumvunja. Feni hakugeuka. Amempa mgongo. Mguu wa beki unafika, yeye ameshasogea hatua moja, na mpira umeshaondoka. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilisema huyu ana jicho kisogoni.

— Ana jicho kisogoni, akakubali Faili, na mara hii hakugonga goti.

— Na sasa anatuacha, akasema Kinyozi, sauti ikabadilika. Anatuacha kwa ajili ya Reli.

Akasimama, akakikunjua kile kitambaa mbele yetu. Kilikuwa cha mita nne, na herufi alikuwa amezichora kwa penseli: MSALITI ONDOKA. Akafungua na boksi. Lilikuwa limejaa filimbi za plastiki, nyekundu na njano.

— Mia mbili, akasema. Jumapili nazigawa getini. Kila akigusa mpira, mia mbili zinalia kwa pamoja. Aondoke akiwa anajua. Pini, nishonee hizi herufi kwa kitambaa chekundu, zionekane mpaka ng'ambo ya uwanja.

Pini ni fundi cherehani. Mashine yake iko mlangoni, hatua mbili kutoka benchini, kwa hiyo yuko nasi na hayuko nasi. Mdomoni mwake kuna pini wakati wote, tano au sita, ndiyo maana maneno yake ni machache na yanatoka kwa pembeni. Alikitazama kile kitambaa, akatikisa kichwa.

— Nina kazi nyingi, akasema kwa pembeni.

— Ni herufi tu.

Akatikisa kichwa tena.

— Wamemnunua, akasema Faili. Si alimshonea suti yule? Mimi nilimwona akitoka humu ndani na mfuko.

— Kumbe, akasema Kinyozi. Umeshonea mtu suti, sasa huwezi kutushonea sisi ukweli.

Pini akazima mashine. Akaanza kuzitoa pini mdomoni, moja moja, akizichomeka kwenye kimto kidogo anachofunga kwenye kifundo cha mkono. Hatujawahi kumwona akifanya hivyo kabla ya saa ya kufunga duka. Alipomaliza ya mwisho akasema:

— Hizo filimbi zirudishe dukani.

— Kwa nini?

— Hatazisikia.

— Mia mbili, Pini. Zitasikika mpaka barabara kuu.

— Mimi na wewe tutazisikia. Yeye hasikii.

— Hilo tunalijua, akasema Faili. Ni mkaidi, hasikii la mtu. Barua tatu.

— Sikusema mkaidi, mzee wangu. Nimesema hasikii. Masikio yake hayafanyi kazi. Feni ni kiziwi.

Kinyozi akacheka. Akatutazama ili tucheke naye, akaona hakuna anayecheka, akaacha.

— Kaa chini, akasema Pini. Nimeshaanza, acha nimalize.

Akatueleza. Feni alikuja kushona suti ya kuvaa kwenye harusi ya mdogo wake, kabla ya mvua. Siku ya kuijaribu alisimama mbele ya kioo, na Pini akapiga magoti nyuma yake kupima pindo la suruali.

— Nikamwambia ageuke kidogo. Hakugeuka. Nikamwambia tena, kimya. Nikasema moyoni, hawa wakishakuwa mashuhuri hawasikii watu wa sakafuni. Nikajivuta kuchukua chaki, kiwiko kikagonga mkasi. Ule mkubwa, wa chuma. Ukaanguka kwenye saruji. Mimi mwenyewe niliuona unaanguka na bado niliruka. Yeye hakupepesa hata jicho.

— Labda alikuwa na mawazo, akasema Shangazi polepole.

— Nilidhani hivyo. Halafu akaniona kwenye kioo. Akaona midomo yangu inacheza. Uso ukambadilika, akageuka, akaniambia, mzee, samahani, toa hizo pini, sijui unasema nini. Nikazitoa. Nikasema geuka kidogo. Na nilipokuwa nasema hakunitazama machoni. Alitazama mdomo. Hapo nikajua, na yeye akajua kwamba nimejua. Akakaa kwenye kiti cha wateja na suruali yangu yenye chaki, akaniambia yote.

Mama yao ni kiziwi. Nyumbani kwao watu walizungumza kwa mikono. Feni na mdogo wake walijua kusema kwa mikono kabla hawajajua kusema kwa mdomo, na watoto wa mtaani walidhani wale wawili ni mabubu mpaka siku walipokwenda shule. Kumbe damu ya mama ilikuwa imemchagua mmoja. Sikio la kulia lilianza kufifia akiwa na miaka kumi na tisa. La kushoto lilizima kabisa wiki chache baada ya kusaini kwetu.

— Baada ya kusaini, akarudia Faili.

— Baada. Hakumdanganya mtu.

— Na madaktari wa timu?

— Wanapima magoti, mzee. Wanapima moyo. Nani anampima kiungo masikio?

— Sasa anachezaje? nikauliza. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile mtu aliuliza swali kwa sababu hajui.

Pini akavuta pumzi. Ninavyokumbuka, hata yeye aliyasema kama mtu asiyeamini kwamba ameyasikia.

— Nilimuuliza hivyohivyo. Akasema, ndiyo maana situlizi kichwa. Nyinyi mnaniita Feni. Mwenzangu akija ananiita, mimi simsikii, kwa hiyo lazima niwe nimeshamwona kabla hajaita. Nikamuuliza, na filimbi ya mwamuzi? Akasema, natazama miguu. Filimbi ikilia, miguu ya watu inalegea. Yote ikilegea kwa pamoja, najua tumesimama.

— Goli la benki, akasema Kinyozi.

Tulilikumbuka wote. Mechi na timu ya benki, mwamuzi alipiga filimbi ya kuotea, watu wote wakasimama, Feni peke yake akaendelea mbio, akamzunguka kipa, akatia wavuni, akakimbilia kwenye kibendera kushangilia. Akapewa kadi ya njano. Tulisema ana dharau. Tulimcheka wiki nzima.

— Alikuwa mbele ya kila mtu, akasema Pini. Miguu yote ilikuwa nyuma yake, na ya kipa peke yake haitoshi.

— Na beki? akauliza Kinyozi. Yule wa nyuma. Jicho la kisogoni.

— Kivuli.

— Kivuli?

— Mchana, jua likiwa nyuma, kivuli cha anayekuja kinatangulia, kinaanguka mbele yako. Feni anakiona kinakua kwenye nyasi. Anajua yuko mbali kiasi gani, anajua atapita upande gani. Ndiyo maana kila mechi anamwomba kocha kubadilisha upande, mnasema ana deko. Anafuata jua. Sasa ligi ikawahamishia usiku. Uwanja una nguzo nne za taa. Kila mtu anakuwa na vivuli vinne, Kinyozi. Wachezaji ishirini na mmoja, mara nne. Akaniambia, mzee, usiku nacheza katikati ya umati wa watu ambao hawapo.

Mkaa ukapasuka jikoni, nikausikia, na nikashangaa kwamba nimeusikia.

— Kule Reli wanacheza saa tisa alasiri, akaendelea Pini. Na beki wao wa kati ni nani? Ni yule mdogo wake aliyeoa. Anakaa nyuma anaona uwanja wote, na mikono anayo. Atamwambia kila kitu kwa mikono, kama walivyokuwa wanafanya mezani kwa mama yao. Hakuna wakala hapo. Wala mke, wala nyota, wala treni.

Nikaitazama kahawa yangu.

Faili, ambaye ngumi yake ilikuwa imelala juu ya goti kama kitu kilichosahaulika, akasema taratibu:

— Yale mahojiano ya televisheni. Mwandishi alimwambia hongera kwa kupata mtoto. Akajibu, asante, lakini lazima turekebishe makosa.

Jibu hilo tulikuwa tumeligeuza kuwa salamu. Mtu akija na mtoto hapa kijiweni, tulikuwa tunamwambia arekebishe makosa.

— Kipaza sauti kilifunika mdomo wa mwandishi, akasema Pini.

— Na huyo mtoto, akasema Shangazi. Amezaliwa mwezi wa pili. Kwa hiyo hajawahi kumsikia akilia.

Akalifunika birika, ingawa halikuwa na haja ya kufunikwa.

— Alikunywa kahawa hapa, akasema. Mara moja. Nilikuwa nimeinamia moto, nikamuuliza, sukari? Akasema, mzima, na wewe? Nikawaambia watu ana maringo, hata kujibu swali hataki.

Faili akasimama. Alikuwa na uso wa mtu aliyeiona faili iliyopotea miaka mingi.

— Watu waambiwe, akasema. Tuandike barua, tuipeleke kwa uongozi, tuipeleke redioni. Mji ukijua haya, hakuna mtu atakayefungua mdomo kumzomea. Wataachia mkataba siku hiyohiyo.

— Kaa, mzee wangu, akasema Pini.

— Unataka wamzomee bure?

— Nilimwambia hayohayo. Unajua alinijibu nini? Akasema, sasa hivi nikicheza vibaya mimi ni mchezaji mbaya, nikicheza vizuri mimi ni mchezaji mzuri. Siku wakijua, nitakuwa kiziwi anayecheza mpira. Nikikosa watanihurumia, nikifunga watanihurumia. Akasema, siku moja nitasema mwenyewe, nikiwa mahali ninapojua naweza. Wewe nakuomba jambo moja tu, usiseme. Jambo moja. Nimelitunza miezi mitano, na leo nimelivunja kwa ajili ya kitambaa cha mita nne.

— Kwa hiyo ameona afadhali aitwe msaliti, akasema Shangazi.

— Ameona afadhali.

Faili akakaa. Mimi nilikuwa namfikiria mtu anayeandika barua tatu, anajua sababu ambayo ingemfungulia mlango dakika moja, na barua zote tatu haiandiki. Nimekaa kwenye benchi lile miaka tisa. Nimesema maneno mengi kuliko gazeti. Sikuwahi kufikiri kwamba kunyamaza kunaweza kuwa kazi nzito kiasi hicho.

Kinyozi alikuwa bado amesimama na kitambaa. Akakikunja, mara mbili, mara nne, mpaka kikawa kidogo kama leso.

— Mechi ya juzi nilimzomea, akasema. Nilishuka mpaka kwenye uzio, pale anapopigia kona. Nilimwambia maneno. Aligeuka akanitazama usoni, muda mrefu kabisa, nikafurahi, nikasema yamemfika.

Pini hakutaka kumjibu. Lakini Kinyozi alimtazama mpaka akajibu.

— Alikuwa anasoma.

— Yote?

— Ulisema kwa sauti kubwa, ndugu yangu. Mtu akipaza sauti anafungua mdomo vizuri.

Hatukumuuliza alisema maneno gani. Alilichukua lile boksi la filimbi, akaliingiza dukani kwake, tukasikia akilisukuma chini ya kitu kizito. Aliporudi alikaa upande wa tundu la kitasa, ambako hakuna anayekaa kwa hiari, akaomba kahawa, akashika kikombe bila kunywa.

Ndipo akaja yule dada. Alikuwa mgeni, begi begani, kinasa sauti mkononi, jasho limemtoka kwa kupita duka hadi duka. Akatusalimia vizuri, akamwamkia Faili na Shangazi, akasema anatoka redioni, anakusanya maoni ya mashabiki kwa kipindi cha jioni.

— Nimeelekezwa hapa, akasema. Kila niliyemuuliza ameniambia nije kwenye benchi la mlango, kwamba hapa ndipo penye majibu. Nina swali moja tu. Kwa nini Feni anataka kuondoka?

Akaelekeza kinasa sauti kwa Faili. Faili akafungua mdomo. Ngumi ikanyanyuka juu ya goti, ikabaki hewani, ikashuka bila kugonga. Akakielekeza kwangu. Nikaanza kutafuta kitu mfukoni, sijui kitu gani. Shangazi alikuwa anapangusa kikombe kilichokwisha kupanguswa. Pini amezirudisha pini zote mdomoni, na moja zaidi.

Kikabaki kwa Kinyozi. Huyu ni mtu ambaye hata mpita njia akimuuliza mtaa asioujua, humwelekeza. Kila jioni husikiliza kipindi hicho na kujibizana na redio. Alikitazama kile kinasa sauti kama mtu anayetazama chakula akiwa amefunga.

— Hatujui, dada, akasema.

— Hata kukisia?

— Hata kukisia.

Dada akasubiri kidogo, akidhani tunatania. Kisha akashukuru, akavuka barabara kwenda kwenye gereji ya ng'ambo.

Kule walikuwa wanajua. Tulimsikia wa kwanza akisema ni wakala, wa pili akasema ni mke, wa tatu akasema kuna mambo ya gizani ambayo hayasemeki redioni, kisha akayasema. Kila mmoja alikuwa anapaza sauti kumzidi mwenzake. Sisi tulikaa na vikombe vyetu vilivyopoa, tukawasikiliza.